Suti ya Mwenye Kadi

Saa mbili na nusu asubuhi.

Koti lilikataa. Redio alivuta pumzi, akaingiza tumbo ndani kadiri alivyojaliwa, akajaribu tena. Kifungo kilifika nusu ya safari, kikagoma.

"Vua kabla hujalichana," Dobi alisema. "Hilo si lako wala si langu. Lina mwenyewe."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la kufulia nguo, wamebanana kati ya mashine iliyokuwa ikinguruma na meza ndefu ya kupigia pasi. Dobi ndiye aliyekuwa mwenye duka, tena ndiye aliyekuwa mwenye genge. Wenye nazo walimletea suti zao, naye alizifua vizuri na kuzirudisha kwa wakati, maana nani atamshuku mtu anayemnyooshea kola? Ila kabla nguo haijaingia majini, Dobi alipekua mifuko. Wiki hii mfuko mmoja ulikuwa na kadi ya benki. Mwenyewe alikuwa mzee mfanyabiashara, yuko safarini, na namba ya siri alikuwa ameiandika nyuma ya kadi kwa kalamu, kama wafanyavyo watu wasiotaka kuisumbua akili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Dobi alipenda kusema, halafu akacheka peke yake.

Twiga akalichukua koti. Alikuwa mgeni kwenye genge, kijana mrefu mwenye meno yaliyopangika. Akavaa. Likamkaa. Lilimkaa mpaka ikawa uchokozi.

Kidani akamsogelea, akamnyoosha tai. Huyu alikuwa mwanamke wa Redio. Miaka sita wamelala chumba kimoja na kupika sufuria moja. Kazi zote za madukani walizifanya wao wawili, bwana na bibi wenye pesa zao, wakigombana juu ya bei mpaka muuzaji awahurumie. Leo bwana alikuwa mwingine.

Tai hainyooshwi kwa vidole vyote kumi, Redio aliwaza. Viwili vinatosha.

"Sikilizeni, sirudii," Dobi alisema. "Saa nne mnaingia kwa sonara. Cheni mbili nzito na saa ya mkono. Mkitoa kadi, mashine itakataa."

"Ikatae kwa nini?" Twiga aliuliza.

"Kwa sababu benki si wajinga. Huyu mzee hununua mafuta ya gari na dawa za presha. Leo ghafla ananunua dhahabu ya kumvisha bibi harusi? Watayasimamisha malipo. Kisha watampigia mwenye kadi wamuulize, ni wewe?"

Akaweka simu ndogo nyeusi juu ya meza ya pasi.

"Laini ya mzee imo humu. Mtu wetu wa kampuni ya simu ameihamisha leo asubuhi. Mzee huko aliko atahangaika na simu iliyokufa. Ikifika mchana atakuwa ameshashtuka. Muda wetu ndio huo. Benki wakipiga, anapokea Redio."

Jina lilitokana na sauti. Ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya mtu mwenye mashamba na wajukuu. Redio angeweza kusoma matangazo ya vifo, watu wakamwomba arudie.

"Nataka kwako neno moja," Dobi alimwambia. "Ndiyo. Ukisema ndiyo, wanafungua, kadi inapita, tunakula. Ukisema hapana..."

"Kwa nini nisiingie mimi?"

"Kwa suti ipi?"

Twiga alicheka. Kidani naye alicheka, kidogo tu, kisha akajiziba mdomo. Redio alikiona kicheko kile na hakukimeza.

Redio alitoka, Kidani akamfuata uchochoroni, kwenye kamba za mashuka.

"Una nini wewe tangu jana?"

"Sina kitu."

"Unacho. Umenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari."

"Nenda. Mumeo anakusubiri."

"Ala! Yule?" Kidani alishika kiuno. "Yule mtoto anayejitazama kwenye kila kioo mpaka cha gari la takataka? Redio, wivu wako huu utatutoa roho. Nimechoka, unasikia? Nimechoka kulala na viatu miguuni. Nikirudi leo tunahama mji, mimi na wewe. Hayo ndiyo tuliyosema."

"Ukirudi," Redio alisema.

"Nisiporudi nitakuwa nimekwenda wapi?"

Redio alikuwa akitazama kiatu cha Twiga kikipita mlangoni.

Saa nne kamili.

Dobi aliwapeleka kwa gari lake awasubiri nje ya duka la sonara, Redio akabaki peke yake na simu mbili. Ile nyeusi ilikuwa ya benki. Ya pili, yake mwenyewe, ilikuwa imeunganishwa na simu iliyokuwa ndani ya mkoba wa Kidani ili ajue kila hatua ya dukani. Yeye angewasikia. Wao wasingemsikia, maana Kidani alikuwa ameua sauti upande wake, muuzaji asije akashangaa mkoba unaongea.

"Karibuni, bwana na bibi," muuzaji alisema.

"Asante. Mke wangu anataka cheni," Twiga alijibu.

Mke wangu. Redio alihamisha kiti.

Sheria ya kazi hii aliitunga Redio mwenyewe: mume na mke hugombana dukani, wanaochekeana ni hawara. Kidani alianza vizuri. Hii nyepesi, ile imepauka, bei hii ni ya kuniua? Mume halisi hapo angeguna, angesema hata ile ya mwaka jana hujaivaa. Twiga akasema, "Chukua uipendayo, mpenzi. Mimi furaha yangu nikuone umependeza."

"Mbwa wewe," Redio aliiambia simu. "Unaharibu kazi."

Mashine ya kadi ikalia. Ikalia tena, kwa mlio mwingine.

"Samahani, bibi. Imekataliwa."

Kidani akacheka. Na hilo pia lilikuwa fundisho la Redio: ikikataliwa, cheka, kwa sababu mwizi hutoka jasho lakini hacheki. "Benki hizi!" Kidani alisema. "Pesa zetu wenyewe wanatunyima. Subiri kidogo, watampigia baba mkwe, kadi ni yake. Watafungua sasa hivi."

Vizuri, mama. Vizuri sana. Redio aliivuta karibu simu nyeusi.

Kicheko kilipaswa kuishia pale. Twiga akakiendeleza.

"Huku tunasubiri, hebu geuka nikuvishe," alisema. Cheni ikagonga kioo cha meza. "Tulia. Shingo yako ina joto."

Redio alisimama. Shingo ile aliijua. Alijua kovu dogo lililo chini ya sikio la kushoto, alijua na lilikotoka. Sasa vidole virefu vya mtu mwingine vilikuwa pale pale, na Kidani alikuwa kimya. Kwa nini yuko kimya? Mwanamke anayeweza kumtukana konda wa basi mpaka akarudisha nauli, leo kamezwa na nini?

Simu nyeusi ikaita.

Saa nne na dakika ishirini.

"Habari za asubuhi, mzee. Napiga kutoka benki, kitengo cha usalama wa kadi." Alikuwa mwanamke, mpole, mwenye haraka kidogo. Akauliza jina kamili. Redio akampa. Akauliza mwaka wa kuzaliwa. Redio akampa na huo, kama alivyoutoa mtu wa kampuni ya simu, akiongeza kikohozi kidogo cha uzee.

"Asante, mzee wangu. Kuna malipo tumeyasimamisha, duka la sonara, muda huu. Je, unayatambua?"

Kwenye simu ile nyingine, Twiga alikuwa ameshusha sauti. "Ungekuwa wangu kweli, ningekuvisha kila siku."

"Hebu niache," Kidani alisema.

Ndivyo alivyosema, hebu niache. Mtu mwenye akili timamu angesikia mwanamke aliyechoshwa. Redio alisikia maringo. Alisikia usiku ujao na ujao, yeye peke yake kwenye kile chumba, sufuria moja, sahani moja. Wivu ulimpanda kutoka tumboni ukamfikia kooni, ukakuta neno la Dobi limekaa pale, ukalisukuma kando.

"Mzee? Unayatambua malipo haya?"

"Siyatambui," Redio alisema, kwa sauti yake nzuri kuliko zote. "Kadi yangu imeibiwa."

"Pole sana. Naifunga sasa hivi."

Hapo hapo akawa kama mtu aliyerusha jiwe, kisha akamwona mwanawe anakatiza.

"Subiri," alisema. "Subiri, binti. Nimesahau. Ni mkwe wangu, nilimtuma mimi..."

"Usihofu, mzee. Imeshafungwa, na duka tumeshaliarifu. Usikubali mtu yeyote akutishe. Asante sana kwa ushirikiano."

Simu ikakatwa.

Redio aliirukia ile nyingine. "Kidani! Tokeni! Tokeni nje!" Alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka, kwenye mkoba usiosikia. Kilichobaki kilikuwa kusikiliza.

Alisikia simu ya duka ikiita. Alisikia muuzaji akisema "ndiyo, wapo" kwa sauti ndogo. Lango la chuma likashuka mlangoni. Mlinzi akasema, "Bwana, kaa hapo hapo." Kisha kishindo, kioo kikavunjika, mtu akapiga ukelele. Viatu vikakimbia. Injini ya gari la Dobi ikanguruma mbali, ikaondoka.

Kidani alikuwa akihema karibu sana. Ameufungua mkoba.

"Redio." Alinong'ona. "Umesema hapana, sivyo? Kwa ajili ya huyu? Huyu aliyenikanyaga mkono akirukia dirisha?"

Redio alikuwa akilia, na hata hilo hakuweza kumsikilizisha.

"Mpumbavu wewe," Kidani alisema. "Mpumbavu wangu wewe. Zima simu ukimbie."

Saa nne na nusu.

Dobi alipiga kwenye simu nyeusi. "Umewaambia nini benki?"

"Hapana."

"Nilikupa neno moja! Moja!" Nyuma yake mtu alikuwa akigumia. "Huyu kakatwa na kioo, ananivujia damu kiti kizima. Potea hapo. Nikikukuta nitakuzika mwenyewe."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Uchochoro ulikuwa mtupu, mashuka tu yakipepea. Mtu angeweza kutembea mpaka stendi, wala hata asikimbie.

Kwenye simu yake, polisi mmoja alikuwa ameuchukua mkoba. "Halo? Hii simu iko hewani. Halo, nani wewe?"

Redio aliinamia simu. "Pandisha sauti," alisema, kisha akakumbuka kwamba hasikiki. Akakata. Akapiga upya ili sauti irudi. Ikaita mara moja tu.

"Nani?" polisi aliuliza.

"Mume wake."

"Mume yupi? Yule aliyeruka dirishani?"

"Yule si mumewe. Mumewe ni mimi. Niko duka la kufulia nguo, nyuma ya soko la viatu. Mlango uko wazi."

Akamsikia Kidani kwa mbali, akipaza sauti ile ya kurudishia nauli. "Simjui huyo, afande! Ni mlevi tu, amekosea namba. Mimi sina mume!"

"Unasikia?" polisi alimwambia Redio. "Anasema hakujui."

"Nimesikia," Redio alisema. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kumwelekeza njia upya.