Nara Zilizochumwa Mbichi

Msimu wa nara ukifika, nyumbani kwetu hakuna kulala hadi jua litoke. Ukungu wa baharini ukiwa bado umetanda, mimi na Bibi tunafunga punda wawili kwenye mkokoteni na kuvuka mto Kuiseb, ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu. Ng'ambo ndiko kuna vichaka vya nara, miiba bila jani hata moja, na ndani yake matikiti madogo ya kijani. Nyama yake tunaichemsha kwenye pipa, mbegu tunazianika na kuziuza mjini. Unga wetu wa mwaka mzima na sare zangu za shule hutoka humo.

Zamani kila ukoo ulikuwa na vichaka vyake, wala hakuna aliyegusa vya mwenzake. Siku hizi anayewahi ndiye anayechuma. Kwa hiyo Bibi alificha kichaka alichoachiwa na mama yake, nyuma ya kilima kirefu cha mchanga. Kilizaa kuliko vyote. Alinionyesha mimi peke yangu.

"Fransina, hapa ni mimi na wewe tu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Halafu nikamwonyesha Emgard. Tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, dawati moja tangu darasa la kwanza. Alikuwa amesikia fununu za kichaka hicho, akanicheka mbele ya wenzetu: "Nyie na kichaka chenu cha hadithi! Mbona hakuna aliyekiona?" Nikapandwa na hasira, Jumamosi nikampeleka. Akaapa kwa jina la mama yake kwamba hatamwambia mtu.

Wiki iliyofuata mimi na Bibi tulikuta kichaka kimekanyagwa, matawi yamevunjika, na alama za mkokoteni zimetapakaa. Nara zote zilikuwa zimechumwa, ilhali zilikuwa zimebakiza kama siku kumi ziive. Bibi alishika vikonyo vilivyokatwa, kimoja baada ya kingine.

Jumatatu Emgard alikuja shuleni midomo imevimba. Kwetu kila mtoto anajua kwamba nara mbichi huunguza mdomo.

"Umekula nini?" nikamuuliza.

"Pilipili."

"Pilipili ya nyuma ya kilima?"

Akainamisha kichwa. "Ni kaka Festus. Alinibana, nikamwambia. Akasema tuziwahi kabla wengine hawajaziona."

"Wengine gani? Nilikuonyesha wewe tu!"

Nilikwenda nyuma ya darasa nikalia mpaka kengele ikalia. Nara ziliniuma, lakini kile kiapo chake kiliniuma zaidi.

Jioni nilimweleza Bibi kila kitu, nikitarajia anikumbatie. "Emgard amenisaliti, Bibi!"

"Amekusaliti kweli," akasema. "Kichaka kilikuwa cha nani?"

"Chako."

"Na nani aliyempeleka?"

Uso ukanichoma kwa aibu. Bibi akajifunga kanga ya kichwani, tukaenda kwa kina Emgard. Nara zetu zilikuwa zimerundikwa uani, mbegu zake laini na nyeupe, hazifai kuuzwa. Hata mbuzi walizinusa wakaondoka.

Mama yake Emgard alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mama, tusamehe," akamwambia Bibi. "Msimu huu wote hawa wawili watafanya kazi kwako. Na nara za vichaka vyetu tutagawana nusu kwa nusu."

"Nimekubali," Bibi akajibu. "Kichaka kitachipua, mizizi yake imezama chini sana."

Kesho yake Emgard na Festus walikuja kukoroga pipa. Emgard aliniomba msamaha huku machozi yakimtoka. Nilimwambia yameisha, ingawa moyoni yalikuwa hayajaisha hata kidogo.

Bibi akatuita sisi wasichana wawili karibu na moto.

"Emgard, ulivunja neno ulilompa Fransina. Fransina, ulivunja neno ulilonipa mimi. Mtu akikuamini akakupa siri yake, siri hiyo haiwi yako ukaigawa, hata kwa rafiki unayempenda. Uaminifu ndio huo. Nimewasamehe wote wawili." Akanitazama. "Lakini msimu ujao, nyuma ya kilima nitakwenda peke yangu."

"Sawa, Bibi," nikasema. Nikachukua mwiko, nikaendelea kukoroga.