Vidonge Alivyoviacha Kabla ya Harusi

Maneno niliyasikia saluni: dawa za presha humaliza nguvu za mwanamume. Nilijaribu kuyatoa kichwani, hayakutoka. Mwanangu, fundi wa cherehani, alikuwa akizimeza, na harusi ilibaki mwezi mmoja.

Yeye na mchumba wake, mshonaji, walikutana kliniki ya presha, penye watu tele. Binti kavaa gauni la njano, mkono umefungwa kwenye kipimo, mwanangu akamchokoza:

"Dada, hiyo presha ikipanda, sababu ni mimi."

"Kwa sura hiyo? Labda ishuke."

Nesi akafoka, "Anayepimwa haongei! Naanza upya."

Tangu hapo, kila jioni simu.

"Umemeza, mpenzi?"

"Nimemeza, malkia. Wewe?"

"Nimemeza. Haya, nisifie kidogo nilale."

Mimi mama yake nikamwita jikoni. "Baba, hizo dawa ziache mpaka harusi ipite. Usije ukatuaibisha."

Akainamisha kichwa, akaziacha. Kumdanganya mchumba hakuweza, basi simu zake akawa hapokei. Binti akamfuata karakana.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Hakuna mtu."

"Mbona hupokei?"

Akainamia kazi yake. Mwanamume ataanzaje kusema jambo kama lile? Binti akavua pete, akaiweka juu ya cherehani, akaondoka.

Binti akawa anakaa chumbani kwao peke yake, gauni la harusi halijatiwa mikono, simu mapajani, hailii. Mwanangu naye chumbani kwake, anaitazama namba ya binti, hapigi.

Siku ya tisa tangu aache dawa, mwanangu akaanguka kazini. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito.

Binti alikuja wodini mbio, uzi bado umening'inia begani. Nikamwambia yote, kwamba ni mimi niliyemwachisha dawa. Akanipita. Akamfuta mwanangu mate.

"Ungeniambia, mjinga wangu. Tungekwenda wote kwa daktari."

Mwanangu akajaribu kulitaja jina la binti. Halikutoka.

Binti bado anakuja Jumapili, anamnyoosha vidole kimoja kimoja. Harusi hatuizungumzii. Mimi ananiamkia tu. "Mama" hajaniita tena.

Mnaosoma, epukeni haya:

Kuacha dawa bila kumuuliza daktari, hata ukijiona mzima.

Kumwonea haya daktari. Dawa ikikusumbua, mwambie, atatafuta nyingine.

Kumficha mwenzako linalokusumbua.

Chumvi ya kuongeza mezani.

Kumshauri mgonjwa usichokijua, hata kama umemzaa.

Kungoja kichwa kiume kwanza. Mwanangu hakuumwa kichwa hata siku moja.