Nyaya Tatu na Sauti ya Bibi

Asubuhi ile Aikaeli alikuwa anakatia ng'ombe majani, lakini moyo wake ulikuwa sebuleni. Pale mezani, katika nyumba yao ya Marangu, ilikuwapo simu ya mdogo wake Eliudi. Simu ile ilikuwa inakufa.

Eliudi anaongoza wageni mlimani. Simu aliachiwa na mgeni mmoja, na ilikuwa nzuri kuliko zote pale nyumbani. Safari iliyopita ilimponyoka ikaangukia mawe. Tangu hapo inapata moto na kuzima, na kila ikizima inakawia zaidi kuwaka.

Ndani yake kulikuwa na sauti ya mama yao, Bibi Eliona. Kabla ya kiharusi, Eliudi alimrekodi video ndefu akimbariki Hilda, binti wa Aikaeli, kwa ajili ya ndoa yake. Sasa bibi hasemi tena, na Hilda alikuwa anaagwa Jumamosi. Katika ukoo wao binti hatoki nyumbani bila neno la bibi yake. Simu ikifa, na neno limekufa.

Eliudi alijaribu kuituma video kwa mtandao. Ilikuwa nzito mno, na mtandao wa pale migombani unakuja unapotaka. Ikabaki kuihamishia kwenye kompyuta ya Aikaeli. Akachukua waya wa taa ya sola. Kichwa kimoja kiliingia kwenye kompyuta na kingine kwenye simu, bila shida. Simu ikaanza kuchaji. Kompyuta haikuonyesha kitu.

Aikaeli aliogopa, na hofu yake ikageuka hasira. Alimwuliza Eliudi kama alifuta video apate nafasi ya picha za wageni. Eliudi alisema hakufuta. Akamwuliza tena kwa sauti kubwa, mbele ya mama yao. Bibi Eliona aliwatazama wanawe, midomo ikimtetemeka, neno halitoki. Simu ikazima.

Wakaamua kushuka Moshi mjini na simu na kompyuta. Simu ilikuwa bado ya moto, basi Aikaeli akaifunga kwenye jani bichi la mgomba, kama anavyofunga siagi ya kupeleka sokoni. Alidhani anaiponya.

Duka waliloingia lilikuwa la Bhavna, aliyemfahamu Aikaeli. Familia yake imeuza vifaa vya umeme hapo tangu enzi za babu yake. Alilifungua jani, akaitazama simu iliyolowa, kisha akamtazama Aikaeli.

"Mama Hilda, hii si siagi," alisema.

Akaifuta taratibu, akaiweka mbele ya feni. Walisubiri mpaka tundu la kuchajia likauka kabisa. Kwa Aikaeli ilikuwa kama kusubiri nje ya wodi. Eliudi alionyesha ule waya wa taa. Kama unaingia vizuri, aliuliza, kwa nini haufanyi kazi?

"Kuingia ni kuingia tu," alijibu Bhavna. "Kichwa hiki kipana ni taipu A. Hiki kidogo chenye pembe za mviringo ni taipu C. Hayo ni majina ya umbo. Umbo linakuambia waya utaingia wapi. Halikuambii ndani yake kunapita nini. Huu wenu unapitisha umeme peke yake. Data haina njia."

"Kwa hiyo video haijafutwa?" aliuliza Aikaeli.

"Hilo bado sijui."

Simu iliwaka kwa shida. Aikaeli akatoa mkobani waya wa simu yake mwenyewe, nao wa taipu C. Safari hii kompyuta iliiona simu. Video ilikuwapo. Aikaeli alishindwa kumtazama mdogo wake.

Lakini kompyuta iliandika kwamba kazi itachukua zaidi ya nusu saa. Simu ilianza tena kupata moto. Bhavna akasimamisha kazi haraka.

"Kichwa kilekile, kasi tofauti," alisema. "Kasi inatokana na kiwango cha USB. Waya huu ni wa USB 2, kiwango cha zamani. Nyaya nyingi zinazokuja na simu ni hivyo, hata zenye kichwa cha C. USB 3 inaweza kupitisha data mara kumi ya hapo."

"Kumbe ni kama mfongo," alisema Aikaeli. Alikuwa anaufikiria mfereji unaoteremsha maji ya mlimani hadi shambani kwao. "Lango linafanana, lakini mfereji mmoja mpana, mwingine mwembamba."

"Ndiyo. Na ukibana mahali pamoja, maji yote yanachelewa. Kwa hiyo simu, waya na tundu la kompyuta, vyote vitatu lazima viwe vya USB 3."

Bhavna aliangalia sifa za simu na za kompyuta. Vyote viwili vilifaa. Kisha akachagua waya ulioandikwa Gbps 5, yaani kasi ya USB 3, kwenye pakiti. Aliwaambia wasome maandishi kila wanaponunua, kwa sababu umbo na rangi vinadanganya.

Kazi ikaanza upya. Eliudi aliipepea simu kwa lile jani la mgomba. Aikaeli aliomba kimoyomoyo. Mstari wa kompyuta ulisogea, ukasogea, ukafika mwisho. Papo hapo kioo cha simu kikawa cheusi.

Bhavna akabonyeza video kwenye kompyuta, na sauti ya Bibi Eliona ikajaa dukani. Akainakili pia kwenye flashi. Simu haikuwaka tena.

Walipofika nyumbani, Aikaeli alikwenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la sale. Akampa Eliudi kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, anayeombwa radhi kwa sale hakatai. Eliudi alilipokea.

Siku hizi nyaya za nyumba ile zimefungwa nyuzi za mgomba. Wenye fundo moja ni wa kuchaji tu, wenye mawili ni wa data polepole, wenye matatu ni wa data kwa kasi. Hakuna anayekisia.

Jumamosi, mbele ya ukoo mzima, Hilda alipiga magoti kando ya kiti cha bibi yake, na video ikafunguliwa. Sauti ilipolitaja jina lake, Bibi Eliona aliinua mkono wake mzima, ule usiopooza, akauweka juu ya kichwa cha mjukuu wake. Hakuuondoa mpaka baraka ilipokwisha.