Kiti cha Mbele

Karanga hazikuwa na ladha. Bixia alitafuna moja, akatafuna ya pili, kisha akaitema kiganjani akaitazama. Zilikuwa zile zile za sukari alizonunua asubuhi sokoni mjini kwao Siluo, na alizionja pale pale kibandani zikiwa tamu. Sasa zilikuwa ngumu mdomoni na hazina kitu ndani, si sukari, si chumvi, si ladha ya kukaangwa. Akaonja na chai iliyokuwa kando ya sahani. Nayo ilikuwa maji tu yenye rangi.

Akamshuku Wartinah. Bixia alikuwa ameuza staftahi miaka thelathini, na mtu wa namna hiyo hamwamini yeyote anayepita karibu na chakula. Akamwita yule mhudumu kutoka Java, aliyekuwa akipiga deki ukumbini.

"Wewe, hizi karanga umezibadilisha?"

"Mimi, dada? Mimi karanga hata sili, zinaniletea chunusi."

"Basi nani kazigusa?"

Wartinah alifungua mdomo, akakitazama kiti cha mbele kilichowekewa ile sahani, akaufunga. Akaendelea kupiga deki, na Bixia akaona jinsi dekio lilivyokizunguka kile kiti kwa mbali, sakafu ya chini yake ikaachwa kavu.

Mambo yalianza tarehe mosi ya mwezi wa saba wa kalenda ya kale. Mama yake Bixia, Bi Akuan, alikuwa na miaka themanini na minne, na miwili ya mwisho aliishi katika nyumba hii ya wazee bila kumjua mtu. Bixia alikuja kila mchana baada ya kufunga duka, na kila mchana mama alimtazama vile mtu anavyomtazama karani wa posta. Ndipo akakumbuka ule mchezo wa kuimba wa zamani, wa jemadari na binti muuza mafuta, uliokuwa ukionyeshwa kwenye runinga saa sita mchana enzi za utoto wake. Mama aliutazama akimenya vitunguu saumu, na mtaa mzima ulisimama dirishani kuutazama naye. Mtu mmoja sokoni alikuwa nao wote, vipande thelathini, akamtilia kwenye flashi.

Basi ikawa kila siku saa nane mchana, wazee wengine wakiwa wamelala vyumbani, Bixia anamsukuma mama hadi ukumbini, anachomeka flashi kwenye runinga, wanatazama kipande kimoja. Mama haoni vizuri vya karibu, kwa hiyo kiti chake cha magurudumu kilikaa safu ya pili. Mbele yake kulikuwa na kiti kitupu cha plastiki chekundu. Bixia alikifanya meza, akaweka juu yake chai na karanga.

Siku ya tatu, katikati ya wimbo, mama aligeuza shingo.

"Bixia," akasema. "Umenenepa."

Bixia alilia hadi akaona aibu. Miaka miwili hajasikia jina lake kwenye kinywa kile. Mama alimuuliza habari za duka, akamuuliza kama paa bado linavuja, na runinga ilipozimwa alififia taratibu, macho yakarudi kuwa ya mgeni. Kesho yake walipowasha alirudi tena. Nani angeuliza maswali? Mwenye kiu akipewa maji haulizi kisima.

Lakini Bixia aliuliza, kwa kuwa shaka ilikuwa tabia yake. Kwanza zile karanga. Halafu harufu, ya nguo zilizokunjwa mbichi zikasahaulika sandukuni, iliyokuja wimbo ukianza na kuondoka wimbo ukiisha. Halafu kiti. Kila siku alikikuta kimesogea mbele kidogo, na siku ya kumi na tano alipokigusa alikuta sehemu ya kukalia imebonyea katikati, na ni plastiki ngumu. Na mama alikuwa anakonda. Mhudumu alipompima alisema amepungua kilo sita, ilhali uji alikuwa anaumaliza.

Kilichomtia baridi zaidi, hata hivyo, kilikuwa maneno matamu.

"Mwanangu mzuri," mama alimwambia siku ya ishirini, akimshika mkono. "Mikono yako mizuri, uso wako mzuri. Katika watoto wangu wote hakuna kama wewe."

Hapo ndipo Bixia alipoutoa mkono wake. Bi Akuan hakuwahi kumsifu mwanawe tangu amzae. Watoto wawili wa mwanzo walimfia wangali wachanga, wazuri kama nini, wakisifiwa na kila mpita njia, na mama aliapa kwamba wa tatu hatasifiwa mbele ya sikio lolote, la mtu wala la asiye mtu, asije akatamaniwa na kuchukuliwa. Jirani akisema mtoto kapendeza, mama hutema mate kando na kusema, "Huyu? Sura ya kinyesi cha nguruwe. Hata mbwa hamtaki." Bixia alikua akiitwa mbaya, mvivu, hafai. Alipofika umri wa kuelewa alielewa, lakini kuelewa hakuzuii moyo kuuma, na maisha yake yote alitamani kusikia sifa walau mara moja. Sasa amezisikia, na nywele za shingo zimemsimama.

Alimfuata Wartinah chumba cha kufulia, akafunga mlango.

"Sema ulichotaka kusema siku ile."

"Dada utanifukuzisha kazi."

"Simfukuzishi mtu. Sema."

Wartinah alisema kwa kunong'ona, mikono ikiwa bado ndani ya mashuka. "Yule anayekaa mbele ya Ama ni nani?" Ama, yaani bibi, ndivyo alivyomwita mama.

"Mbele ya mama hakuna mtu."

"Nikipita na dekio Ama ananiambia nizunguke, nisimkanyage miguu. Juzi nilisoma Ayatul Kursi, kimoyomoyo, dada, midomo haikucheza. Ama akageuka akacheka. Kicheko cha mwanamume." Akakunja shuka. "Kwetu tunamwita jini. Aliyekuja mwenyewe nitamsomea, ataondoka. Huyu amekaribishwa. Amewekewa kiti, amewekewa na chai."

Bixia aliegemea mashine ya kufulia. Mwezi wa saba! Mtoto mdogo wa Siluo anajua kwamba mwezi huo wafu wasio na jamaa wanafunguliwa lango la kuzimu, na kwamba michezo ya kuimba inayochezwa hekaluni ni kwa ajili yao, na safu ya mbele huachwa tupu ili wakae, wakiwekewa vya kutafuna. Hata jina lao halitajwi, huitwa ndugu wema. Yeye, mwanamke wa miaka hamsini na minane, alikuwa ameandaa yote hayo kwa mkono wake, siku kwa siku, asitambue, kwa sababu nyumba ya wazee haikuwa hekalu na flashi haikuwa jukwaa. Akajiona mjinga wa kutupwa.

Hata hivyo hakuacha siku hiyo, wala iliyofuata, na tusimlaumu upesi. Alijua kinachomla mama, lakini ndicho kilichomjua yeye kwa jina. Siku ya ishirini na tisa tu, alipomwona mama amebaki ngozi na mifupa akichekea kile kiti, ndipo alipochukua rimoti na kuzima katikati ya wimbo.

Kioo kikawa cheusi. Wimbo haukukatika. Uliendelea, neno kwa neno, kwa sauti nzito ya jemadari, na ilikuwa inatoka kinywani mwa mama, na midomo ya mama ilikuwa imefumbwa.

Jioni ile alikwenda kwa Mzee Ting, mpiga ngoma wa michezo ya hekaluni, ambaye kwa miaka hamsini amewapigia ndugu wema na bado ana akili zake. Mzee alimsikiliza akimenya chungwa.

"Umekatiza?" aliuliza.

"Nimekatiza."

"Binti, hao hawakatiziwi. Hata mvua ya mawe ikinyesha sisi tunamaliza. Vimebaki vipande vingapi?"

"Nusu, na cha mwisho."

"Kesho lango linafungwa. Maliza yote. Ukimaliza sema mchezo umekwisha, kila mtazamaji arudi kwao, halafu kipindue kiti. Na akikuita usiitike. Atakuita kwa namna unayoipenda. Ukiitika ni kama umemwambia abaki, na mwaka hautaisha mama yako yuko hai."

"Na mama, je? Atanijua?"

Mzee Ting alikula kipande cha chungwa, akamtazama kwa huruma.

Kesho yake saa nane mchana jua lilikuwa kali, mapazia ya ukumbi yako wazi, na kutoka jikoni ilisikika redio ikitangaza bei za mboga. Wartinah alisimama mlangoni na tasbihi. Bixia alichomeka flashi, akaweka karanga, akawasha. Nusu ile ilipita salama. Kipande cha mwisho kilipoanza, harufu ya nguo mbichi iliingia ikajaa ukumbi mzima.

"Bixia," mama aliita.

Bixia aliuma meno.

"Bixia, mwanangu, mbona hunitazami? Nimekumbuka siku ulipopata homa nikakubeba mgongoni hadi kwa daktari, mvua inanyesha, unakumbuka?"

Alikumbuka. Ilikuwa kweli, na hakuna mwingine aliyeijua, na alitamani kusema ndiyo mama, nakumbuka, ulipoteza kiatu kimoja kwenye matope, lakini aliikaza mikono chini ya mapaja yake na kuitazama runinga, ambako jemadari alikuwa anarudi kutoka vitani na binti muuza mafuta anamngoja, na kile kiti chekundu kikaanza kurudi nyuma kumwelekea yeye, polepole, miguu yake ikikwaruza sakafu, shibri kwa shibri, hadi kikagusa magoti yake, kikasimama hapo, na baridi ikampanda kutoka magotini hadi kifuani, na sauti ya mama, iliyokuwa kulia kwake, sasa ikawa inatoka mbele, kutoka juu ya kile kiti, karibu kiasi cha kumpuliza usoni, ikisema, "Mwanangu mzuri, ukimaliza mchezo huu nitakusahau, utakuja kila siku na sitakujua, utakufa hujaitwa tena na mtu jina lako, jibu tu, niite mama, mara moja tu."

Machozi yalimtiririka. Hakuitika.

Ngoma za mwisho zikapigwa, maandishi yakapanda, kioo kikawa cheusi. Bixia alisimama, akasema, "Mchezo umekwisha. Kila mtazamaji arudi kwao." Akakishika kiti. Kilikuwa kizito kama kimekaliwa. Wartinah alikuja mbio, wakakishika wawili, wakakipindua, na kikagonga sakafu kwa wepesi wa plastiki ya kawaida. Harufu ikakatika. Wartinah aliokota karanga moja iliyomwagika, akaitia mdomoni bila kukumbuka chunusi zake.

"Tamu," alisema, akakaa chini sakafuni.

Bi Akuan alikuwa amelala, kidevu kifuani. Alipoamka baada ya robo saa alimtazama Bixia kwa adabu, kama anayemtazama karani wa posta.

"Dada, umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kukutembelea wewe, mama."

"Ahsante. Mimi sina wageni." Akafikiri kidogo. "Nina binti mmoja."

Bixia alipiga magoti mbele yake. "Yukoje huyo binti?"

Mama aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la Bixia, yakasimama mlangoni, pasipokuwa na mtu. Uso wake ulikakamaa. Akamvuta Bixia kwa kola, kwa nguvu asizodhaniwa kuwa nazo, akamficha kichwa kifuani pake, akatema mate kando, kisha akasema kwa sauti kubwa, hakumwambia Bixia bali alisema kuelekea kule mlangoni, "Mbaya. Mbaya sana. Mvivu, sura ya kinyesi cha nguruwe. Hata mbwa hamtaki."

Moyo wa kizee ulikuwa unadunda chini ya sikio la Bixia, mbio mbio, kwa hofu. Bixia alikuwa hajawahi kupendwa waziwazi namna ile.

"Ni kweli," naye akasema kwa sauti kubwa, bila kugeuka kutazama. "Hafai kabisa yule."