Amaria Tusiyokuwa Nayo

Watoto wengine wa mtaa ule wa mji wa Meknes, wakirudi shuleni, walitupa mikoba na kukimbilia uwanjani. Shama akishatupa wake alikimbilia pini. Kulikuwa na pini za kichwani, za kiunoni na za kushikia mikia ya kaftani, na ole wake aliyezichanganya. Mama yake, Lalla Rabha (Lalla ni kama kusema Bibi), alikuwa negafa. Kazi yake ilikuwa kumvisha bibi harusi, kumvua, kumvisha tena vazi jingine, na kusimama ubavuni mwake sherehe nzima akimsifu na kumnyooshea upindo, mpaka bibi harusi mwenyewe asahau kwamba juzi alikuwa akimenya vitunguu jikoni kwao.

Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Mkanda wa dhahabu, ule mzito unaowashinda wengi, yeye aliufunga ukakaa mpaka alfajiri. Hata hivyo, wateja walikuwa wakipungua. Mwisho wa mtaa, Lalla Ghalia alikuwa amefungua duka la vioo. Lalla Ghalia alivisha, alipamba ukumbi, alileta keki, maziwa na tende, na hata njiwa wa kurushwa hewani. Zaidi ya yote alikuwa na amaria, kile kiti chenye paa ambacho bibi harusi hukalishwa, kisha wanaume wanne hukibeba mabegani na kucheza nacho ukumbini huku yeye akiwapungia wageni.

“Mama, na sisi tuongeze,” Shama alisema siku moja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na hakujua kukaa kimya akiwa na wasiwasi.

“Tuongeze nini?”

“Chochote. Keki. Amaria. Watu siku hizi wanataka kugonga mlango mmoja tu, mambo yaishe.”

“Keki ina mwokaji wake. Mimi navisha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.”

“Sasa mbona chetu hakijiuzi?”

Lalla Rabha aliendelea kupiga pasi kaftani ya kijani ambayo hakuna aliyeikodi tangu Idi, na Shama akajuta kusema, kwa maana aliona jinsi mama yake alivyokuwa akipiga pasi mahali palepale mara nyingi bila sababu.

Wiki ile, Lalla Rabha akiwa kwa fundi cherehani, mlango uligongwa. Aliyeingia alikuwa Hajja Yamna, mke wa mwenye kiwanda cha zeituni, ambaye binti yake Ibtisam alikuwa karibu kuolewa. Aliketi, akanywa chai ya mnanaa, akaangalia kaftani moja baada ya nyingine.

“Nguo zenu nzuri, sikatai,” alisema. “Ila Lalla Ghalia ananipa na amaria. Nyinyi je?”

“Na sisi tunayo, Hajja,” ulimi wa Shama ulijibu kabla kichwa hakijaulizwa.

“Na wabebaji?”

“Wazoefu kabisa. Wanaitwa mpaka mjini Fes.”

Hajja Yamna alifurahi, akaacha arubuni na kuondoka. Shama alifurahi pia, kwa muda wa kuosha bilauri mbili hivi. Baada ya hapo alianza kujiuliza kiti na wabebaji watatoka wapi.

Lalla Rabha aliporudi na kusimuliwa, alikasirika hasa. “Nani amekwambia tuna amaria? Umeiona wapi humu ndani? Chini ya kitanda?”

“Kiti tutakodi, mama. Na Munir na wenzake wana nguvu. Kila siku wanabeba magunia sokoni.” Munir alikuwa mtoto wa kaka yake Lalla Rabha.

“Umemwambia Hajja kwamba itakuwa mara yetu ya kwanza?”

Hapo ndipo Shama angeweza kujiokoa. “Nimemwambia,” alisema. “Amesema si neno.”

Lalla Rabha alimtazama kwa muda, akaitazama na kaftani ya kijani. “Basi mara hii tu,” alisema. Tangu siku hiyo Shama hakutulia. Darasani aliitwa jina mara mbili ndipo asikie. Chakula alikigusagusa tu. Munir alimwambia, “Binamu, mbona hivyo? Sisi tunabeba ngano, sembuse bibi harusi asiyekula?” Shama alicheka, lakini cheko lenyewe halikuteremka mpaka moyoni.

Siku ya harusi ikafika. Alasiri, Lalla Rabha alikuwa chumba cha juu akimvisha Ibtisam, na chini ukumbi ulikuwa mtupu. Munir na wenzake watatu walikizunguka kile kiti kilichokodiwa, wakikigongagonga utadhani wananunua punda.

“Panda tukupime,” Munir alimwambia Shama.

Alipanda. Wakahesabu, wakainua. Mara kiti kikaegemea upande mmoja, kwa sababu Zaki, mmoja wa wabebaji, alikuwa mfupi kuliko wenzake, na mti wa kubebea kiti haukufika begani kwake sawasawa. Kwenda mbele walikwenda, kwa kusuasua. Lakini amaria haiendi tu mbele. Huzungushwa, ili wageni wa pande zote wamwone bibi harusi, na kuzungusha huko ndiko kuliko na kazi. Munir akasema, “Geukeni.” Watatu wakageukia kulia, Zaki akageukia kushoto.

Shama alianguka kwenye sakafu ya mawe, akatua kwa mkono wa kulia. Maumivu yalipanda mpaka begani, machozi yakamtoka.

“Pole, usilie,” Munir alisema, uso umempauka. “Hujavunjika. Zaki tutamwekea kitambaa begani, atalingana na sisi. Usimwambie shangazi.”

“Na mkigeuka je?”

“Hatutageuka sana. Halafu wee, si wewe uliyewaambia watu sisi wazoefu? Leo ndiyo unatuogopa?”

Shama alivuta mkono wa gauni lake ukafunika kifundo cha mkono kilichoanza kuvimba, akapanda ngazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Shama alijiambia kwamba haya si maradhi, ni kifundo tu.

Juu, Ibtisam alikuwa amesimama katikati ya chumba, kichwani taji, na Lalla Rabha amepiga magoti akirekebisha upindo, pini mdomoni. Shama alimpa mama yake pini nyingine kwa mkono wa kushoto.

“Shama,” Ibtisam aliita kwa sauti ndogo, “wewe umewahi kukaa kwenye amaria? Inatikisika? Mimi naogopa hata ngazi ya kupaka rangi. Mama anasema nisiogope, wabebaji wenu wa kuaminika.”

Shama aliviangalia viatu vya kukodi miguuni mwa Ibtisam. Alifikiria sakafu ile ya mawe. Alifikiria taji.

“Nimekaa leo,” alisema. “Nimeanguka.”

Lalla Rabha alitema pini zote kiganjani. “Umesema?”

Na Shama akasema yote, bila kupumzika. Kwamba wabebaji hawajawahi kubeba. Kwamba alimdanganya Hajja Yamna, halafu akamdanganya mama yake kwamba hakumdanganya Hajja Yamna. Alipomaliza, Ibtisam alikuwa ameketi bila kujali mikunjo ya kaftani.

Lalla Rabha hakupiga kelele. Alimtuma mtu amwite Hajja Yamna, na alipofika akamwambia mwenyewe, macho kwa macho, kwamba amaria ya leo haina wabebaji wa kuaminika, na kwamba kosa limetoka nyumbani kwake.

“Mnaniambia sasa hivi?” Hajja Yamna alifoka. “Wakwe wako njiani! Binti yangu aingie ukumbini kwa miguu kama anakwenda kununua mkate?”

“Heri aingie kwa miguu yake, Hajja, kuliko kutolewa kwa machela. Lakini niache nijaribu jambo moja.”

Lalla Rabha alichukua simu, akaitazama, akaiweka chini, akaichukua tena. Shama alijua anampigia nani, na alitamani sakafu immeze.

“Lalla Ghalia? Ni mimi, Rabha.”

Kicheko cha yule mwanamke kilisikika chumba kizima. Alipoelezwa, kilizidi. “Kwa hiyo na wewe umeingia kwenye amaria. Si ulikuwa unasema sisi wengine wachuuzi wa njiwa?”

“Nilisema. Utanicheka kesho, dada, na nitakuja unicheke nikiwa nimekaa mbele yako. Leo nina bibi harusi wa watu.”

Upande wa pili kicheko kikakatika. “Wabebaji wangu leo hawana kazi,” Lalla Ghalia alisema hatimaye, sauti imepoa. “Nitawaleta. Ila nikuombe kitu, na usimwambie mtu. Wiki ijayo nina harusi ya watu wakali. Msichana wangu anafunga mkanda unateremka kama suruali ya kuazima. Njoo unifungie.”

“Nitakuja.”

Lalla Ghalia alifika kabla ya magharibi na wanaume wanne wa kimo kimoja, kanzu nyeupe. Hawakumgusa bibi harusi kwanza. Walipakia magunia ya unga ya jikoni kwenye kiti, wakainua, wakazunguka kulia, wakazunguka kushoto, mkubwa wao akihesabu kwa kugonga mti kwa kidole. Munir na Zaki walisimama ukutani wakitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Munir hakuwa na mzaha.

Ibtisam alipobebwa, alifumba macho mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili alifumbua. Wa tatu alikuwa anapunga mikono yote miwili, wanawake wakipiga vigelegele, na Lalla Rabha akitembea ubavuni kama desturi, akimsifu mpaka sauti ikamkauka. Hajja Yamna alilia, na kwa muda akasahau kumkasirikia Shama.

Mama na binti walipobaki wawili katika chumba cha kuvishia, Shama alisema, “Mama, kwa hiyo Lalla Ghalia alikuwa sahihi? Kuongeza ni kuzuri?”

Lalla Rabha aliketi juu ya sanduku la nguo na kuvua viatu.

“Ghalia ana amaria kwa sababu ana wabebaji walioijua kazi kabla ya kumbeba mtu. Hapo hana kosa. Mkanda hauwezi, na bado anauuza. Hapo ana kosa, na leo amelikiri. Mimi nikipata mtu anayejua, na nikiwa na macho ya kumsimamia, nitaongeza. Kuongeza kazi si dhambi, mwanangu. Ila ukiuza usichokijua, kuna mtu atakilipia kwa mwili wake, na huyo mtu amekuamini. Mpaka nimpate mjuzi, anayetaka amaria mpeleke kwa Ghalia na umwambie wazi kwamba ni ya Ghalia.”

“Umekasirika?”

“Sana. Hata kesho nitakuwa nimekasirika.” Alimwona akikunja kaftani kwa mkono mmoja. “Mbona huutumii mkono huo?”

Alimvuta, akakunja mkono wa gauni, akakiona kifundo, chekundu na kimevimba. Hasira yote ikamwishia. Alimkumbatia binti yake kwa nguvu, akaanza kulia, na Shama naye akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu alasiri.

“Alikuwa aanguke Ibtisam, na taji lile,” Lalla Rabha alisema. “Umechelewa kusema, lakini umesema kabla hajapanda. Nashukuru kwa hilo.” Alifuta uso kwa shela. “Sasa hivi Munir anatupeleka hospitali, Ghalia atanishikia nafasi. Na kesho utakwenda kwa Hajja Yamna ukamwombe radhi. Nitakusindikiza mpaka mlangoni, lakini sitakusemea neno.”