Jozi ya Ngoma ya Mianzi

Siku ya kujiandikisha masomo, ukumbi wa mazoezi ulifurika wanafunzi. Feni za ukumbi ule zina kelele kuliko upepo, na kila mtu alikuwa amelowa jasho mgongoni. Kwenye meza ya ngoma za asili, Mwalimu Puri alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake.

"Imebaki nafasi ya jozi moja," alitangaza. "Anayekuja aje na mwenzake. Mpweke simtaki!"

Crisanto Gallego, kijana mrefu kutoka Iloilo, Ufilipino, shati jeupe limechomekewa vizuri, aligeuka. Nyuma yake alisimama msichana mwenye gauni la njano na raba nyeupe, naye akiangaza macho kutafuta mtu.

"Samahani dada, una mwenzi?"

"Wa kucheza au wa ndoa?"

"Wa kucheza. Huyo mwingine tutamjadili muhula ukiisha."

"Kaka, una haraka wewe!" Lakini alicheka, na wakaenda mezani pamoja.

Msichana aliitwa Ligaya Dimaandal. Alisomea kemia, Crisanto alisomea ujenzi wa madaraja, na wote walikuwa mwaka wa mwisho. Chuoni pale, usomee usomealo, lazima upitie masomo ya wote: falsafa kidogo, historia ya mashujaa, na ngoma ya asili. Bila hayo huvai joho. Wajanja huyamaliza mwaka wa kwanza. Hawa wawili walikuwa wameyakimbia mpaka ukutani, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ngoma yenyewe ni ya mianzi. Wawili wanachuchumaa wakigonganisha mianzi miwili mirefu chini, na jozi inaruka ndani na nje bila viatu. Ukichelewa, mianzi inakubana mguu. Crisanto alichelewa kila mara.

"Wewe unajengaje madaraja na hesabu ya tatu inakushinda?" Ligaya alimtania.

"Daraja halimrukirukii mtu, Gaya."

Baada ya mazoezi walikula utumbo wa kuku wa kuchoma pale getini, wakichovya kwenye siki ya pilipili. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mchoma nyama alijua kabla wao hawajaambiana. Hapo ndipo Ligaya alipomwambia jambo lake.

"Nikipata alama ya juu kwenye ngoma, nahitimu kwa heshima. Nikiikosa, basi. Mama kule Lipa ameshawatangazia majirani kwamba atanivisha medali kwa mkono wake."

"Na alama ni ya jozi," Crisanto alisema polepole.

"Ya jozi. Kwa hiyo kaza mguu, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Mwingine angelala kwa raha. Crisanto alilala akiwaza miguu yake miwili, yote ya kushoto.

Wiki iliyofuata Ligaya aliingia ukumbini akamkuta Efren, mchezaji bora wa darasa, amesimama mahali pa Crisanto. Mwalimu Puri alieleza kwamba Crisanto ameonyesha kifundo cha mguu kilichovimba, ameruhusiwa kuandika insha badala ya kucheza. Kwa Efren, ambaye mwenzake alikuwa ameacha somo, ilikuwa bahati.

Jioni simu ikaita.

"Gaya, mazoezi yameendaje?"

"Vizuri, kaka Crisanto."

Crisanto aliisikia hiyo "kaka". Mji ule, msichana akishakuita kaka katikati ya mapenzi, amekurudisha mlangoni na viatu vyako.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika, kaka."

"Efren anacheza vizuri..."

"Sana, kaka. Nimeambiwa na mwalimu kwamba umejitoa."

Akakata. Alikuwa anataka kubembelezwa, kila mtu wa pale anajua kununa kwa namna hiyo. Crisanto naye alijua. Ila aliogopa kwamba akibembeleza atasema ukweli, na Ligaya akisikia ukweli atamkataa Efren, na medali itapotea. Akanyamaza. Ligaya akalia kitandani mwake siku nyingi, akiamini ameachwa kama mwavuli mvua ikikatika.

Asubuhi ya mtihani, Ligaya alikuwa amevaa sketi ndefu ya mirabaraba na blauzi ya mikono mipana, mtandio mwekundu begani. Efren alikuwa anakunja suruali.

"Mbona umenuna? Mtu anakupenda hivyo, na bado unanuna?"

"Nani ananipenda?"

"Crisanto, nani mwingine! Alinibembeleza kama anaomba figo. 'Usimwangushe, mama yake anangoja medali. Mimi nitamharibia.' Hakukwambia?"

Ligaya alichukua simu akampigia Crisanto.

"Uko wapi?"

"Maktaba. Namalizia insha."

"Mguu bado umevimba?"

"Ulishapona zamani."

"Basi vua viatu uje."

"Gaya, fikiri. Medali..."

"Nimefikiri. Nani alikwambia uchague kwa niaba yangu? Njoo, Anto. Nakupenda, mjinga wewe. Njoo."

Alikuja anahema, suruali ya jinzi imekunjwa mguu mmoja juu kuliko mwingine. Mwalimu Puri aliwatazama juu ya miwani, akamwambia Efren atacheza na yeye mwalimu mwishoni, kisha akaelekeza kidole kwenye mianzi.

Mwanzo walicheza vizuri. Muziki ulipokaza mwendo, mianzi ilimbana Crisanto mara moja, kisha tena, akaenda chini na darasa likaangua kicheko. Ligaya hakumwacha mkono. Alimwinua, wakaingia upya, wakamaliza.

Walifaulu. Heshima Ligaya hakuipata.

Walikaa kwenye ngazi za nje. Ligaya alilia kidogo, maana medali aliitaka kweli, na Crisanto hakumwambia anyamaze.

"Nilikuonya," alisema mwishowe.

"Ulinionya. Ningecheza na Efren ningeipata, na ningeichukia." Akajifuta macho kwa mtandio. "Jumapili twende Lipa. Mama utamwambia wewe."

"Mimi! Nimwambie nini mama aliyengoja medali?"

"Usiseme sana. Simama mlangoni, mwamkie kwa adabu, uweke mkono wake kwenye paji lako. Atauliza nimemletea nini."

"Na wewe utamjibu nini?"

"Mkwe."