Nafasi ya Kujibu

Mwangwi hurudisha kile ulichoupa. Asubuhi ile, kwenye chemchemi ya chini ya kijiji cha Tlawi, Gervasi alipuliza sauti tatu kwa saksafoni ya kanisa, akanyamaza, na zikarudi nne.

Mkoa wa Manyara ulikuwa haujatimiza mwaka. Gervasi alikuwa mpigaji wa bendi ya kanisa. Nyimbo za kitabuni alizijua zote, wimbo wake mwenyewe hakuwa nao. Kisha akanunua koti la mtumba mnadani Dongobesh, akakuta kanda mfukoni: jazi, wapiga saksafoni wakubwa wa Marekani. Aliisikiliza hata betri zikaisha, akanunua nyingine. Akaigundua siri yao: hawaandiki kwanza. Mmoja anasema neno lake, ananyamaza, anamwachia mwenzake nafasi ya kujibu, halafu anajenga juu ya jibu lile. Jambo jingine, la kuvuta hewa puani huku wakipuliza bila kukatika, aliliona gumu, akaliruka.

Mwenzake hakuwa naye. Ndipo akaenda chemchemini.

"Baba Glory," mkewe Marieta alimwambia, "pale wanakaa netlangw, pepo wa maji. Mtu haiti pale akanyamaza. Wewe Mwiraqw gani?"

"Ni mwangwi tu, mama Glory. Tena unapiga kuliko bendi nzima."

Alicheka peke yake.

Kila asubuhi aliita, akajibiwa, akajenga. Wimbo ukakua. Maji yakaanza kunuka kama zizi la masika, ndege wakaihama miti ya pale, yeye hakuacha. Hadi siku chemchemi ilipokaa kimya. Alirudi nyumbani mnyonge, akamkuta Marieta mlangoni.

"Umetokea wapi?" alinong'ona. "Si unapiga humu ndani?"

"Mimi?"

"Chumbani kwa Glory."

Binti yao wa miaka sita alilala macho wazi. Chumba kilinuka zizi. Gervasi alipuliza taratibu, akaacha nafasi kwa mazoea. Kifua cha mtoto kikasimama, na kooni mwake ikatoka sauti ya saksafoni, safi, ndefu. Ilipokwisha, midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Gervasi akapuliza tena. Mtoto akavuta pumzi.

Alijaribu kuirudisha saksafoni sandukuni. Mtoto hakuvuta kabisa. Akaitoa mbio.

Mzee Nicodemo, mganga wa ng'ambo ya kijito, aliitwa. Alisimama kizingitini, hakufungua hata mkoba.

"Shikamoo, mzee. Tusaidie."

"Marahaba, binti. Anayekuja mwenyewe namfukuza. Huyu ameitwa, akaachiwa nafasi. Nimfukuze kwa neno gani?" Akamtazama Gervasi. "Mumeo asinyamaze."

Basi akapiga, nyimbo za kitabuni, za harusi, za msiba, akaziunganisha mkia kwa kichwa pasipo mwanya, akiiba hewa kwenye pembe za mdomo, akapiga hata midomo ikapasuka na akaonja damu, Marieta amemshika mabega kutoka nyuma asianguke, na kila alipopunguza kidogo kile kifua kidogo nacho kilipunguza, mpaka mapafu yake mwenyewe yakamgomea.

"Usinyamaze, baba Glory! Usinyamaze!"

Akanyamaza.

Jibu likaja. Lilikuwa refu kuliko yote, na ndani yake mlikuwa na wimbo mzima alioutafuta, mwanzo wake na mwisho wake. Marieta alimtikisa mtoto akilia. Pumzi ilikwishamrudia Gervasi. Hakupuliza. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe, vikifuata, visipitwe na hata sauti moja.